Akina Wendelkamp wa Mwitimba

Mwitimba, Sikonge
14 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa Magreth,

Shikamoo dada. Mwanakondoo ameshinda, nasi tuzidi kumfuata. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua tangu upasuaji sasa umeanza kutii amri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mafua ya vumbi la mwezi wa nane, ambayo unayajua mwenyewe. Kila nyumba inapiga chafya kwa zamu yake. Asali ya mwaka huu imekuwa njema. Mbuzi wako wamefika saba, na beberu wako bado hana adabu, juzi ameingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya na hakutoka mpaka mstari wa mwisho.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Mambo niliyonayo hayatoshi kwenye simu, na mengine nikiyasema kwa sauti nitalia kabla sijayamaliza. Kwa hiyo kaa chini, weka mguu juu ya kiti, usome taratibu kama nilivyokuwa nikiwaambia darasa la nne.

Kwanza nikushukuru. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nimepona kwelikweli kwa huyu mgeni uliyeniletea. Uliponiandikia kwamba Bibi Dorothy wa Leeds anakuja, na kwamba ana miaka themanini na moja, niliogopa. Nilifikiria choo chetu, nikafikiria barabara ya kutoka Sikonge mjini, nikafikiria ugali. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Tabora nikiwa nimevaa viatu vya harusi ya mwanangu, nikamkuta mama mwembamba mwenye kofia kubwa, amekalia sanduku lake, ameshamaliza kuwaamkia watu wote pale. Tatizo ni kwamba alikuwa anaanza na marahaba. Watoto walikuwa wanazunguka nyuma ya jengo na kurudi ili wapewe marahaba ya bure. Nilimsahihisha siku ya kwanza na ya pili, ya tatu nikaacha, maana hata mchungaji wetu alishaanza kumjibu shikamoo.

Amekaa kwangu siku tisa. Chai yake alikuja nayo, lakini aliisindikiza kwa matobolwa, vile viazi vyetu vitamu vya kukausha, asubuhi na jioni mpaka nikaenda kuazima mengine kwa jirani. Hakulalamika hata mara moja. Nikimwekea maji ya kuoga anashukuru, nikimpa yai anashukuru, nikimfukuzia kuku anashukuru. Mwanzoni nilidhani ni desturi tu ya Waingereza. Baadaye nikaona kwamba kila anaposhukuru anakutazama usoni, na hapo nikaanza kukosa raha, kwa sababu utakayoiona huko mbele.

Jioni ya pili alinitandazia mezani ramani ya Uingereza aliyoichora kwa mkono wake. Kila mwenye jina letu amemwekea doa la wino mwekundu. Hull wako tisa. Leeds wanne, na wawili kati ya hao ni yeye na wewe. Cardiff mmoja, na huko Scotland mtu na mkewe. Kumi na sita nchi nzima! Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ualimu kwamba hapa Mwitimba peke yake, ukihesabu wajukuu wa baba mdogo, akina Wendelkamp tuko ishirini na mmoja. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mlenda.

Labda wewe ameshakusimulia, lakini nami niandike ili watoto wetu wakiikuta karatasi hii waelewe. Walikuwa ndugu wawili kutoka kijiji kimoja huko Ujerumani. Mkubwa, Heinrich, alivuka bahari akafungua bucha ya nguruwe Hull. Mdogo, Gottlieb, alikuwa seremala, akaingia umisheni akaja na mkewe huku Unyamwezi, kwa miguu na wapagazi, kwa njia ileile ya misafara iliyopita Tabora. Vita ya kwanza ilipoanza, watu wa Hull walivunja vioo vya bucha ya Heinrich kwa sababu ya jina lililoandikwa mlangoni. Watoto wake karibu wote wakaenda ofisini wakabadili jina, wakajiita Kemp. Mmoja tu alikataa. Alisema jina alizaliwa nalo na atazikwa nalo, na huyo ndiye babu yake Bibi Dorothy. Ndiyo maana wamebaki wachache hivyo.

Sasa, alichokuja kukitafuta si jina tu. Amekuja na Biblia ya Heinrich, kubwa kama tofali la kuchoma, na katika ukurasa wa mbele wameandikwa watu wote wa ukoo, kuzaliwa na kufa. Gottlieb yumo, mkewe yumo, walikamatwa na Wabelgiji mwaka 1916 na wote wawili wakafia njiani wakiwa mateka, hawakufika kwao. Chini yao ameandikwa mtoto wao wa pekee, Paul, aliyezaliwa 1909 hapahapa kwetu. Mbele ya jina lake pameachwa wazi. Barua zilikatika na vita, na hakuna aliyebaki wa kuwaambia watu wa Hull kama mtoto alikufa, alipotea au alilelewa na watu wengine. Bibi Dorothy aliniambia kwamba alipokuwa mdogo baba yake alikuwa anaweka kidole hapo penye uwazi kila akiifungua. Yeye hana mtoto, na akifa hakuna mwingine atakayeuliza. Alitaka kujua Paul yuko wapi.

Nawe dada uliniandikia nimsaidie kwa kila hali. Umemweleza hadithi aliyoipenda Baba, kwamba damu ya Mjerumani inatembea ndani yetu, na kwamba babu yetu Paulo alikuwa mtoto wa yule mzee wa misheni. Kwa hadithi hiyo akakuita binamu. Kwa hadithi hiyo, shemeji alipofariki, alikuchukua ukakaa kwake mpaka ukapata pako, na ulipopasuliwa akakuogesha kwa mikono yake miezi mitatu. Ukaniandikia maneno haya, nami nimeyasoma mara nyingi hata karatasi imelegea: kwamba nikikuta habari tofauti nikuambie wewe kwanza, nisimwambie yeye, kwa sababu huko huna mtu mwingine wa kula naye Jumapili.

Dada, sikufanya hivyo. Nisamehe, na usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Siku mbili nilimzungusha. Nilimpeleka Sikonge kutazama vitabu vya ubatizo, nikijua fika kwamba kitabu cha mazishi cha miaka ile kiliisha kwa mchwa zamani. Nilimpeleka Tabora kuona jengo la boma na stesheni. Nilimtembeza kipande cha njia ya zamani ya misafara, kilomita mbili kwenye jua, nikimweleza habari za wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao ya pembe, yeye anaandika kila neno. Mahali pamoja tu sikumpeleka: makaburi ya misheni ya zamani, ambayo toka mlangoni kwangu ni mwendo wa nusu saa. Aliponiuliza kama misheni ile ilikuwa na makaburi, mimi Mwalimu Recheli, niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo miaka thelathini na mbili, nilisema sina hakika.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa mbwa. Akaja akasimama mlangoni, akasema anataka kunishukuru kwa kuhangaika naye, na kwamba hata kama Paul hapatikani, yeye ameridhika, maana amekuta watu wake. Halafu akanishika mkono huu wenye unga. Dada, mwiko ulinidondoka. Nikamkalisha kwenye kigoda, nami nikakaa chini kwenye jamvi kama ninavyokaa mbele ya mama mkwe, nikamwambia yote.

Sasa nakuambia na wewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya jambo hili nilikuwa mimi. Baba alipokuwa amelazwa, wiki moja kabla hajafariki, aliniita peke yangu akaniambia habari ya jina. Wewe ulikuwa Leeds, ndege ilikuwa bado kupatikana. Ni miaka kumi na moja sasa nimekalia habari hiyo.

Babu Paulo hakuwa mtoto wa Gottlieb. Alikuwa mtoto wa Yakobo na Nyamizi, Wanyamwezi watupu, na ule weupe wa Baba tuliodhani ni wa Kijerumani ulitoka upande wa Nyamizi mwenyewe. Yakobo alikuwa mzee wa kanisa, na Nyamizi alikuwa yaya wa yule Paul mdogo. Alimbeba mgongoni, alimfundisha Kinyamwezi kabla hajajua Kijerumani, na mtoto alipopata homa kali na kufa, Nyamizi ndiye aliyekuwa amemshika. Wakamzika pale misheni. Mwaka uliofuata wazazi wake wakachukuliwa. Baba aliniambia kwamba mama yule, askari wakimharakisha, hakuomba chakula wala nguo. Alimwomba Nyamizi asiache kaburi liote majani.

Wakati huo Nyamizi alikuwa mjamzito. Akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akawa analia. Unajua kwetu mtoto akilia hivyo na kukataa ziwa, bibi zetu walisema kuna mtu anataka jina lake. Walimtajia majina yote ya marehemu wa upande wa Yakobo, akaendelea kulia. Wakataja ya upande wa Nyamizi, akazidi. Siku ya tatu sauti imeshakauka, wazee wameishiwa majina, na Yakobo yuko nje anaomba kwa Kikristo. Nyamizi akamwekea mdomo sikioni, akamtajia jina zima la yule mtoto aliyekuwa akimbeba, Paulo Wendelkamp. Mtoto akanyamaza akakamata ziwa.

Basi ikawa hivyo. Wakamwita jina zima, kwa kuwa jina la marehemu halikatwi vipande, na alipoandikishwa shule akaandikwa hivyohivyo, nasi tukalirithi kama jina la ukoo. Lakini mzee wa kanisa kurithisha jina la maiti kwa kuwasikiliza bibi vizee, dada, angezuiwa Meza ya Bwana. Yakobo akawaambia watu kwamba mzee wa misheni ndiye aliyemwachia mtoto jina. Watu wakaongeza chumvi, kizazi baada ya kizazi, mpaka tukawa na damu ya Kijerumani. Babu Paulo alijua. Alilifagia lile kaburi kila mwaka kabla ya mvua, na Baba naye baada yake, akituaga kwamba anakwenda kutazama mizinga.

Baba aliniomba mambo mawili. La kwanza, nifagie. La pili, mmoja wa wajukuu aitwe Paulo. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilijiambia kwamba ni ushirikina, kwamba mimi ni msomi na mama wa umoja wa wanawake wa kanisa. Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa Igunga, mwanangu aliniuliza jina nikamwambia amwite Brayani. Lakini huo ulikuwa usomi wa juu tu. Chini yake kulikuwa na wivu. Wewe ulikwenda Ulaya na jina lile likakufungulia milango, ukapata ndugu wa kukuogesha, nami nikabaki na Baba mgonjwa na jembe la kusafishia kaburi la mtoto nisiyemjua. Nilikuonea wivu, dada yangu, na nilinyamaza makusudi ili siku moja uaibike. Mficha uchi hazai, basi nimeufunua. Bibi Dorothy aliponishika mkono kunishukuru, siku ile jikoni, niliona haya mpaka miguuni.

Bibi Dorothy aliinuka kwenye kigoda, akavaa kofia yake. Kisha akaniomba nimpeleke kaburini.

Nilibeba jembe na panga, maana nilijua miaka kumi na moja ya majani ni msitu. Njiani nilimwambia ajiandae, huenda hata jiwe halionekani. Tulipofika, mimi ndiye niliyekuwa sijajiandaa. Makaburi mengine yote yamefunikwa na vichaka, na katikati kuna mahali palipofagiwa, mchanga una mistari ya ufagio wa asubuhi ileile, jiwe limesimama wima, na mbele yake kuna kopo lenye maua.

Anayefagia anaitwa Rustika. Ni mke wa mkulima mmoja wa tumbaku aliyehamia hapa kutoka Ulyankulu miaka sita iliyopita, shamba lao limepakana na makaburi. Alipotuona alikuja mbio, akadhani tumekuja kumgombeza, akaanza kuomba radhi kwamba hakujua kaburi lina wenyewe. Nilimuuliza kwa nini alikuwa analishughulikia. Alisema wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, wakaacha makaburi yao yote, na mama yake alimfundisha kwamba mtu aliye mbali na wafu wake atunze walio karibu, ili na wake watunzwe na mtu huko waliko. Alichagua hili kwa sababu ni fupi, akajua ni la mtoto. Jina hawezi kulisoma.

Nililia pale mbele ya watu wazima wawili, bila kitambaa. Nilimshukuru Rustika kwa Kiswahili, nikaona hakitoshi, nikamshukuru kwa Kinyamwezi ambacho hakijui. Jioni nilimpelekea dumu la asali, akalikataa, nikaliacha mlangoni nikakimbia.

Bibi Dorothy hakuweza kupiga magoti, Rustika akamshika kiunoni akamshusha taratibu. Alipitisha kidole kwenye kila herufi. Tarehe 11 Februari 1915. Akafungua Biblia juu ya paja lake, akaandika tarehe ile mahali palipokuwa wazi, kwa mwandiko mzuri usiotetemeka. Chini ya Paul akavuta mstari, akaniuliza majina, akaandika Paulo wa Nyamizi, kisha Baba, kisha wewe, kisha mimi na watoto wa baba mdogo wote. Nilimwambia huenda wa Hull watakataa. Alijibu kwamba wengi wa Hull walikimbilia kuitwa Kemp ili vioo visivunjwe, wakati huohuo huku mama mmoja alilichukua jina ili mtoto wa watu asipotee, na kama kuna mtu wa kuulizwa anatumia jina kwa haki ipi, si sisi.

Hapo ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza habari zako. Nilimwambia wazi kwamba unaogopa, na kwamba uliniomba nisiseme.

Dada, sasa soma polepole. Unakumbuka mwaka juzi alikuomba uteme mate kwenye kichupa, apeleke kupimwa damu za ukoo kwa ajili ya ramani yake? Akakuambia kichupa kilipotea posta? Hakikupotea. Majibu yalikuja kabla ya Krismasi ile. Hakuna tone la damu yao ndani yako, alijua tangu siku hiyo. Aliyachoma majibu kwenye jiko, akaendelea kukuita binamu, na ulipopasuliwa Machi mwaka huu alikuogesha akiwa anajua. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Alisema amejaribu mara mbili mkiwa mezani akashindwa, kwa sababu anaogopa kwamba ukijua si ndugu, utaona huna sababu ya kwenda kwake Jumapili, na yeye naye hana mtu mwingine wa kula naye. Ameniomba nikuambie mimi.

Karatasi inakwisha. Mchungaji anakusalimu, na Rustika, ambaye tumepatana tuwe tunafagia pamoja kila Jumamosi, anakusalimu bila kukujua. Jirani yetu Mama Ng'washi anauliza ile mitumba ya watoto. Mwanangu na mkewe wanakusalimu sana, wanatarajia mwingine mwezi wa kumi na moja, na safari hii nimewaambia habari yote, waamue wenyewe jina. Mungu akulinde, akuponye mguu, na akulipe kwa mema yote uliyonitendea wakati mimi nakuwazia mabaya. Nimekosa, nisamehe.

Barua hii Bibi Dorothy ndiye anayekuletea mkononi. Kiswahili hajui kukisoma, ila kilichomo anakijua. Aliniambia atakupa, kisha atakaa kwenye kile kiti cha dirishani ajifanye anatazama barabara mpaka umalize. Umeshamaliza, dada. Nenda kwake.

Mdogo wako akupendaye,

Recheli